Kujifunza udereva Kigoma ukitokea Burundi au Kongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha udereva hapa Kigoma, na wanafunzi wangu wengi wamevuka mpaka wa Manyovu au wameshuka kwenye boti Kibirizi. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo wanayoniuliza wiki baada ya wiki. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye swali lako. Jambo lililoelezwa mahali pengine nimelitajia namba tu.

## Mambo ya mwanzo

1. Nimeendesha Bujumbura miaka mingi. Kwa nini niambiwe nijifunze tena?

Kwa sababu kilichobadilika ni upande wa barabara. Burundi na Kongo magari hupita kulia. Tanzania tunapita kushoto, sawa na Kenya, Uganda na Zambia. Gia, klachi na breki unavijua tayari na hakuna atakayekupotezea muda kwa hivyo. Lakini macho yako yamezoea kutafuta hatari upande ambao hapa haitokei, na upande inakotokea hayaendi.

Mwanafunzi ambaye hajawahi kushika usukani hanitii wasiwasi sana kwenye jambo hili, maana anauliza kila kitu kabla ya kukifanya. Ninayemhofia ni dereva mzoefu, alfajiri, barabara tupu, hakuna gari mbele la kufuata. Mchana penye magari mengi anafuata wenzake na mambo yanakwenda. Barabara ikiwa tupu, mazoea ya miaka yanachukua usukani, na gari linahamia kulia taratibu bila yeye kujua. Ndiyo maana namwambia mtu wa aina hii: huhitaji kozi ya kuanzia sifuri, lakini unahitaji vipindi kadhaa ukiwa na mtu pembeni, na kimoja kati ya hivyo kiwe saa ambayo barabara haina watu.

2. Gari langu kule lilikuwa na usukani kulia. Si ni lile lile?

Ni nusu ya nafuu. Magari ya Japani yenye usukani kulia yapo mengi Burundi na mashariki ya Kongo, kwa hiyo mikono yako imezoea gia ya kushoto. Lakini fikiri ulikuwa umekaa wapi. Kule, ukiwa na usukani kulia na unapita kulia, mlango wako ulikuwa upande wa mtaro. Hapa mlango wako uko upande wa mstari wa katikati. Mwili uliozoea kukaa karibu na mtaro utautafuta mtaro, na hapa mtaro wa kulia uko ng'ambo ya magari yanayokuja mbele yako. Hilo ndilo kosa la watu wa kundi hili, na linawashangaza kwa sababu walidhani hawana cha kujifunza.

Kuna faida moja, nayo ni kubwa. Kulipita gari la mbele sasa ni rahisi kuliko kule, kwa kuwa umekaa upande wa kuchungulia. Kule ulikuwa unamtegemea abiria akuambie kama njia ni nyeupe.

Kama umezoea usukani kushoto, mambo ni tofauti kidogo. Pedali hazibadiliki: klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Gia ndiyo inahamia mkono wa kushoto. Na kijiti cha indiketa kwenye magari mengi ya Japani kiko kulia, kile cha waipa kiko kushoto. Siku za mwanzo ukifika kwenye kona utasikia waipa zinakwaruza kioo kikavu na indiketa haijawaka. Usipaniki, na usiangalie chini kukitafuta kijiti. Endelea kutazama mbele, zima waipa, washa indiketa. Baada ya siku kadhaa mkono unazoea wenyewe.

3. Sijawahi kuendesha popote na umri umekwenda. Nitaweza?

Utaweza. Sheria inaweka umri wa kuanzia, miaka 18 kwa gari, na hakuna umri ambao mtu mwenye macho na afya anaambiwa amechelewa kujifunza. Nimewafundisha akina mama wenye wajukuu. Wanachukua muda mrefu zaidi kuzoea klachi, kisha wanakuwa waangalifu kuliko vijana wao. Tafuta mwalimu asiyepiga kelele. Huyo ndiye atakayekuwahisha.

4. Kiswahili changu ni cha Kongo, Kiingereza sijui. Itakuwa shida?

Kiingereza hakihitajiki. Mafunzo ni kwa Kiswahili, na askari wa usalama barabarani anakuhoji kwa Kiswahili. Kama lugha yako ni Kirundi una bahati ya kuwa Kigoma, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana, na walimu wengi hapa watakufafanulia kwa Kiha ukikwama.

Jambo la kufanya kabla ya kipindi cha kwanza ni kuyashika maneno ya kazi. Mwalimu hutamka neno moja tu, tena kwa haraka: klachi, breki, hendibreki, indiketa, rivasi, tuta, kona, paki. Kipilefti ni ule mzunguko wa njia panda. Rasta ni vile vituta vidogo vilivyofuatana vinavyotikisa gari kabla ya kufika kijijini. Tochi ni kifaa cha trafiki cha kupima mwendo. Mkiwa bado mmesimama, mwombe mwalimu akutajie kila kitu huku akikigusa.

## Karatasi

5. Nianzie wapi ili nipate leseni ya Tanzania?

Anzia kwenye ukaaji wako. Hati zako za Uhamiaji zikiwa na kasoro, kila dirisha utakalofika litakurudisha huko huko. Mambo hayo yakikaa sawa, mtiririko ni huu: unajiandikisha shule ya udereva iliyosajiliwa, unachukua leseni ya kujifunzia, unasoma, unafanyiwa mtihani na askari wa usalama barabarani, kisha unakwenda TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Huko wanataka TIN, yaani namba ya utambulisho wa mlipakodi, na wanachukua picha, saini na alama za vidole. TRA ndiyo inayotoa leseni yenyewe. Chuo cha ufundi stadi cha VETA kipo hapa Kigoma na kingine Tabora, na shule binafsi zipo. Unapochagua, uliza gari la kufundishia lina breki upande wa mwalimu au halina. Kama halina, tafuta shule nyingine.

Tangu 2019 leseni ya udereva inadumu miaka mitano, na ada yake iliwekwa shilingi 70,000 badala ya 40,000 za wakati ilipodumu miaka mitatu. Malipo ya leseni ya kujifunzia na ya mtihani ni ya pembeni. Viwango hubadilika bajeti ikipita, kwa hiyo viulize dirishani. Usimuulize mtu aliyesimama nje ya geti.

Kuhusu madaraja: pikipiki ni A, gari la kawaida la binafsi ni B, magari ya abiria ni C pamoja na vidaraja vyake, malori makubwa ni E. Daraja ulilonalo ndilo unaloruhusiwa kuendesha. Kuwa na B hakukupi ruhusa ya kumwendeshea jirani pikipiki yake.

6. Nina leseni halali ya kwetu. Naweza kuitumia hapa?

Kabla hujashika usukani, ipeleke kwa trafiki na TRA pamoja na pasi yako na kibali cha ukaaji, waihakiki na wakupe utaratibu unaokuhusu. Mgeni anayepita kwa siku chache na mtu aliyehamia na familia hawachukuliwi sawa. Burundi imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Kongo tangu 2022, na kwa sababu hiyo wapo wanaodhani leseni yao imekuwa ya Tanzania siku hiyo hiyo. Haijawa. Uanachama wa nchi haubadilishi kadi iliyo mfukoni mwako.

Kama bado hujahama na unasoma haya ukiwa Uvira au Bujumbura, chukua leseni ya kimataifa huko huko kabla hujasafiri, maana hutolewa na nchi iliyokupa leseni ya msingi. Inamsaidia askari asiyesoma Kifaransa kujua anaangalia nini. Na kama leseni yako imekwisha muda, ihuishe kwanza. Leseni iliyokufa haimsaidii mtu mahali popote.

7. Naishi kambi ya wakimbizi, kama Nyarugusu. Naweza kwenda mjini kujifunza?

Sheria ya wakimbizi inakutaka ukae eneo ulilopangiwa, na kutoka nje ni kwa kibali. Kwa hiyo swali lako la kwanza lipeleke kwa uongozi wa kambi, chini ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, kabla ya kwenda shule yoyote ya udereva. Najua jibu hili ni gumu kwa kijana mwenye nguvu anayekaa bila kazi. Hata hivyo siwezi kumshauri mtu achepuke kuja kusoma Kasulu au Kigoma. Akikamatwa bila kibali, atakachopoteza ni kikubwa kuliko kipindi cha udereva. Unachoweza kufanya bila kibali ni kusoma alama za barabarani, na hizo ni nusu ya mtihani.

Hali ni tofauti kabisa kwa familia zilizokuja kutoka Burundi 1972 na kupewa uraia. Watu zaidi ya 160,000 wa Ulyankulu kule Tabora, pamoja na Katumba na Mishamo, waliandikishwa uraia, na vyeti vilianza kugawiwa 2014. Kama wewe ni mmoja wao au mtoto wao, utaratibu wako ni ule wa Mtanzania yeyote. Nenda na kitambulisho cha taifa cha NIDA na usikubali mtu akuweke kwenye foleni ya wageni.

8. Kuna mtu ameniambia atanipatia leseni bila shule wala mtihani. Nimwamini?

Usimwamini, na naomba usome jibu hili hadi mwisho.

Wanaolengwa na watu hawa ni ninyi wageni. Wanajua unaogopa maofisi, na wanajua ukidhulumiwa hutakwenda polisi. Anachukua fedha zako, anakuletea kadi yenye picha yako, na kwa macho huoni tofauti. Tofauti inaonekana siku trafiki anapoingiza namba ya leseni kwenye mfumo na jina linalotokea si lako, au hakuna jina kabisa. Siku hiyo wewe ndiye uliyeshika kadi ya kughushi. Aliyekuuzia simu yake haipatikani.

Kwa raia hiyo ni kesi. Kwa mgeni ni kesi, na juu yake ni suala la Uhamiaji. Kisha fikiria bima. Bima inamlinda dereva mwenye leseni halali. Ukimgonga mtu ukiwa na kadi ya bandia, matibabu yake, gari lake na fidia ya familia yake vinaweza kukuangukia wewe. Nimeona baba aliyeuza kila alichokuja nacho, hadi mashine ya kushonea ya mkewe, kwa sababu ya kadi ya namna hiyo. Ada ya shule ingekuwa ndogo mno mbele ya hasara ile.

Tena kuna jambo ambalo kadi haiwezi kulifanya hata ingekuwa halali: haikufundishi kushoto. Mtu aliyenunua leseni anaingia barabarani na macho ya Bujumbura.

## Upande wa kushoto

9. Nifanyeje nizoee kushoto?

Anza kwa miguu. Ukivuka barabara ya Lumumba, gari la kwanza kukufikia linatoka kulia kwako. Kwa hiyo tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Kule kwenu ulianza kushoto. Lifanye zoezi hilo kila unapovuka, hata kama njia ni nyeupe, hadi shingo igeuke bila kuambiwa. Kisha panda Hiace kwenda Ujiji na uombe kiti cha mbele. Usiongee. Tazama dereva anavyokaa barabarani, anavyoingia kituoni, anavyotoka. Vipindi hivi vinagharimu nauli tu, na namjua mwanafunzi aliyevifanya mara anapokaa kwenye gari langu.

Ukishashika usukani, shika kanuni moja: dereva awe karibu na mstari wa katikati, abiria awe karibu na mtaro. Kanuni hii inafanya kazi kwenye gari lolote la usukani kulia, kwenye lami na kwenye vumbi, usiku na mchana. Ukijikuta mtaro uko dirishani kwako, uko upande wa watu wengine.

Wakati wa hatari una sura yake, nao si katikati ya safari. Ni unapotoka kituo cha mafuta. Ni unapotoka uani asubuhi. Ni baada ya kupaki upande wa kulia kununua kitu dukani, kisha unaondoka kama ulivyosimama. Ni baada ya kukwepa shimo, ambapo umehamia kulia kwa sababu nzuri na umesahau kurudi. Kwa nyakati hizo nawafundisha wanafunzi kusema kwa sauti, "Kushoto," kabla gurudumu halijazunguka. Abiria atakushangaa. Mwache akushangae.

Kinachochelewa kuliko vyote ni mshtuko. Mbuzi akikatiza ghafla, mkono wa mtu aliyezoea kulia unakimbilia kulia, kwa sababu kule ndiko kulikuwa na mtaro na usalama. Hapa kulia kuna lori. Dawa yake ni mwendo mdogo kwa miezi ya mwanzo na breki kabla ya usukani: kanyaga breki, gari libaki kwenye mstari wake, ndipo uamue.

10. Kipilefti kinanichanganya. Nizunguke vipi?

Unaingia kwa kushoto na kuzunguka kama mshale wa saa. Unawapisha walio tayari ndani, na hao wanakujia kutoka kulia kwako. Ukielewa hapo umemaliza.

Kwenye njia panda ya kawaida ni hivi: kukata kushoto ndiko kwepesi, hukatizi njia ya mtu. Kukata kulia ndiko kunakokulazimu kusimama karibu na katikati, kuwasubiri wanaokuja, kisha kuingia ukiangukia upande wa kushoto wa barabara mpya. Watu wa kutoka Kongo na Burundi wanakata kulia kwa ufupi na kujikuta wameingia njia ya wenzao. Kabla hujakunja usukani, angalia kwa macho mahali gari lako litakapoishia.

11. Lori lililo mbele yangu linawasha indiketa na halikati kona. Linaniambia nini?

Hii ni lugha ya madereva. Huikuti kwenye mtihani, lakini kwenye barabara ya Kasulu au ya Uvinza utaikuta kila siku. Dereva wa lori anaona mbele kuliko wewe. Akiwasha indiketa ya kulia anakuambia usipite, kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto anakuambia njia ni nyeupe, pita. Kwa mtu aliyezoea kulipita gari kwa kushoto, kichwa kinaigeuza maana hiyo, na akiigeuza anatoka kulia wakati ambao asingethubutu.

Usiku kuna nyingine. Mnapopishana, gari linalokuja linaweza kuwasha indiketa ya kulia kwa muda mfupi. Halikati. Linakuonyesha ukingo wa ubavu wake ili mpishane salama. Nawe unaweza kufanya hivyo hivyo.

Sasa, pamoja na hayo yote, indiketa bado ni indiketa. Kulia kunaweza kuwa anakata kulia kweli. Kushoto kunaweza kuwa anataka kupaki. Dereva wa lori akikuita upite na wewe huoni mbele, usipite. Anayetoka kwenda upande wa magari yanayokuja ni wewe.

## Barabara za kwetu

12. Gari linanizimikia na kurudi nyuma pale kwenye mpando wa kwenda Mwanga. Nifanye nini?

Kila anayejifunza Kigoma anakutana na mlima huo, kwa sababu Lumumba inaanzia chini stesheni ya reli na inapanda. Waliojifunzia Tabora kwenye tambarare wanakuja hapa na leseni mfukoni na bado mlima unawasumbua. Kwa hiyo usione aibu.

Ukisimama mlimani, vuta hendibreki kabla ya kitu kingine. Ingiza gia ya kwanza. Kanyaga mafuta kidogo hadi injini isikike imeamka, kisha achia klachi polepole sana. Kuna mahali utasikia sauti ya injini inazama na pua ya gari inainuka kidogo. Simamisha mguu hapo hapo. Usiachie zaidi. Gari sasa linataka kwenda na hendibreki inalizuia. Shusha hendibreki, ongeza mafuta kidogo, na gari litapanda bila kurudi hata hatua moja. Wengi wanakosea kwa kuharakisha mguu wa klachi mara tu hendibreki inaposhuka, na gari linazimika.

Fanya zoezi hili pale ambapo nyuma hakuna gari, hadi uweze kuitambua ile sauti ukiwa umefumba macho. Akija mwenye haraka akapiga honi, weka hendibreki na uanze upya. Honi haijawahi kumsukuma mtu mlimani.

Kushuka nako kuna elimu yake, hasa barabara ya Manyovu yenye milima na kona. Shuka kwa gia ndogo, injini ilizuie gari. Ukikanyaga breki mteremko mzima zinachemka, na breki iliyochemka haishiki.

13. Mvua na vumbi je?

Mvua zikianza, udongo mwekundu wa barabara za vijijini unateleza kama sabuni. Punguza mwendo kabla ya kona, usikanyage breki ghafla, ongeza nafasi. Wakati wa kiangazi tatizo ni vumbi la gari la mbele: usipite ndani ya vumbi. Washa taa na usubiri litulie.

14. Bodaboda na baiskeli zinanitisha. Zinapita kila upande.

Zikutishe kidogo, ni sawa. Kabla ya kukata kushoto tazama kioo cha kushoto mara mbili, kwa sababu bodaboda hupenya kati yako na mtaro. Baiskeli iliyobeba madumu ya mawese au gunia la mkaa haiwezi kukwepa kwa haraka. Aliyeipanda akiyumba anaangukia barabarani. Mpe nafasi ya mlango mzima wa gari. Karibu na mwalo wa Kibirizi, saa za dagaa, endesha kana kwamba kila gari lililosimama lina mtu anayetaka kutokea nyuma yake.

15. Niko Tabora, si Kigoma. Kuna tofauti?

Sheria na karatasi ni zile zile za swali la 5 na la 6. Tabora ni tambarare, kwa hiyo tafuta makusudi mahali pa kufanyia zoezi la swali la 12. Cha kuzingatia zaidi kwenu ni makutano ya reli, maana njia za Kigoma, Mwanza na Dar es Salaam zinakutana hapo. Treni haikupishi. Usivuke hadi uone nafasi ya gari lako zima upande wa pili.

## Mtihani na baada yake

16. Mtihani ukoje?

Unaulizwa alama na sheria, kisha unaendesha. Msalimie askari, mwite afande, sikiliza swali hadi mwisho. Kama hukusikia, mwombe arudie. Funga mkanda kabla ya kuwasha gari, rekebisha kiti na vioo, tazama kioo kabla ya kuondoka. Kwa mtu wa kutoka Burundi au Kongo, afande atakuwa anaangalia unapoingia barabara mpya unaangukia upande gani, kwa hiyo rudia mazoezi ya swali la 9 na la 10 juma hilo lote. Ukishindwa, uliza umekosea wapi, ukajifunze hapo, urudi.

17. Trafiki akinisimamisha nifanyeje?

Washa indiketa ya kushoto, simama kushoto kabisa, zima injini, shusha kioo. "Habari za kazi, afande," au shikamoo kama ni mtu mzima kwako. Mpe leseni. Usishuke mbiombio kumfuata na usitoe fedha mkononi. Kama una kosa, faini ya kawaida ya gari ni shilingi 30,000 kwa kosa, na inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, nawe unabaki na ushahidi kwenye simu. Kama huoni kosa lako, mwombe akueleze kwa utulivu. Kuwa mgeni hakukuondolei haki ya kuuliza.

Mara nyingi kosa ni mwendo. Penye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na gari lenye uzito zaidi ya kilo 3,500 mwisho wake ni 80 hata nje ya makazi. Vijiji vya barabara ya Kasulu vimefuatana, na tochi huwa pale ambapo dereva amesahau kibao alichokipita.

18. Nikipata ajali?

Simama. Wasaidie walioumia, piga 112, usiondoe gari kabla polisi hawajapima isipokuwa linahatarisha wengine. Majeruhi atahitaji fomu ya PF3 kutoka polisi kwa ajili ya matibabu, kwa hiyo mtu mmoja aifuate mapema. Wapo wageni wanaokimbia kwa kuogopa Uhamiaji. Kukimbia kunageuza ajali kuwa kosa kubwa zaidi, na kunaweza kumwacha mtu afe barabarani. Kama unahofia hasira ya watu, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajisalimishe.

19. Nikishapata leseni, naweza kuajiriwa kuwa dereva?

Leseni inasema unajua kuendesha. Ruhusa ya kufanya kazi ni jambo jingine, na kwa asiye raia inahitaji kibali cha kazi. Kwa gari la abiria unahitaji daraja la C linalolingana na ukubwa wa gari, pamoja na mafunzo ya madereva wa abiria na taratibu za LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Mtu akikupa Hiace uendeshe kesho kwa kuwa "utazoea njiani", anacheza na maisha ya watu waliolipa nauli.

## Maswali ya pembeni

20. Naleta gari langu la usukani kushoto kutoka Bujumbura. Niangalie nini?

Mpakani kuna forodha na kibali cha muda cha gari, na bima lazima ifanye kazi upande huu. Kadi ya njano ya COMESA inakubalika Tanzania, ila hakikisha nchi imeandikwa kwenye kadi yako.

Kisha taa. Taa za gari lililotengenezwa kwa nchi za kupita kulia hutupa mwanga juu zaidi upande wa kulia, kumulika ukingo wa barabara wa kule. Hapa upande huo ndiko magari yanakotokea, kwa hiyo unawapofusha watu usiku hata ukiwa umeshusha taa. Mpelekee fundi azirekebishe kabla ya safari ya usiku ya kwanza. Na kulipita lori ukiwa umekaa kushoto ni kazi ya watu wawili. Kama huna mtu mzima wa kuaminika kiti cha kulia, kaa nyuma ya lori.

21. Nimeshazoea kushoto. Nikirudi nyumbani kwa msiba au harusi itakuwaje?

Utakutana na tatizo la swali la 1, limegeuka. Na watu hawalitarajii, kwa sababu ni kwao, barabara wanazijua, na hakuna anayewahadharisha. Ukivuka Manyovu kuingia Mugina, simama baada ya ukaguzi, shuka, tembea kidogo, tazama magari yanavyopita ndipo uondoke. Kanuni ya swali la 9 inageuka ukiwa na gari la usukani kulia: huko wewe dereva ndiye unakuwa karibu na mtaro.

Kama umekwenda kwa basi, usikubali kupewa funguo za gari jioni ile ile uliyofika, hata ndugu wakikuomba uwahi kumchukua shangazi stendi. Mwombe mwingine aende. Endesha kesho yake mchana, ukianza nyuma ya gari jingine.